Sikio la Boti

Boti iliingia Chang'ombe asubuhi kweupe, imepandishwa juu ya Fuso, pua yake imepita kichwa cha gari kama ng'ombe anayechungulia nje ya zizi, na mtaa mzima ukaacha kazi. Pwani isingemshtua mtu. Lakini hapa ni Dodoma, mji ambao watu huamka alfajiri kupanga ndoo kwenye bomba, na boti nyeupe ya faiba ikikatiza kati ya maduka ya rejareja na vibanda vya chipsi ni jambo la kuwatoa watu nje. Mama mmoja aliyekuwa akisukwa barazani alisimama na nusu ya kichwa, akauliza kwa sauti kubwa kama kuna gharika inakuja na wao hawajatangaziwa.

"Inakuja," Priska akamjibu kutoka juu. "Hii imejaa. Subirini ya pili."

Alikuwa amekaa ndani ya boti yenyewe tangu Mtera, mgongo ameuegemeza ubavuni, boksi la kadibodi amelipakata. Pembeni yake alikaa Ruthu, mweka hazina wa kikundi ambacho Priska alikuwa mwenyekiti wake, kanga ameivuta hadi puani kwa ajili ya vumbi, na kwa aibu pia. Ruthu hakupenda kutazamwa. Priska alishazoea. Mwanamke anayevua samaki Mtera hutazamwa kila anaposhika kasia, na yeye alikuwa ameshika kasia miaka mingi kuliko alivyokaa na mume.

Habari yenyewe ilikuwa hivi, na usidhani imetiwa chumvi. Mradi fulani ulikuwa umewapa akina mama wa kikundi cha Tujaribu boti ya faiba na injini yake, pamoja na boksi lenye kifaa cha kupima kina cha maji. Ndani ya boksi mlikuwa na kioo kidogo cha kuweka mbele ya nahodha, betri, nyaya, na kitu cha mviringo kinacholingana na kifuniko cha chupa ya chai. Hicho hukaa chini ya boti, hupiga sauti ndani ya maji, chini, mbele na pembeni, na kuisikiliza ikirudi. Akina mama walikiita sikio.

Sikio halikuwa pambo. Bwawa la Mtera lilipojaa lilifunika miti, na ile miti haikuondoka. Ilikufa imesimama palepale. Maji yakipungua, vichwa vya visiki hubaki shubiri moja chini, huvioni, na mtumbwi ukikivaa kisiki ndio basi. Evarista, mdogo wake Priska, alitoka kwenda kutega nyavu na mtumbwi mzima, ukarudi nusu mtumbwi. Mwili wake ulipatikana baadaye upande wa pili. Kwa hiyo mradi ulipoweka sharti kwamba boti isiguse maji kabla kifaa hakijafungwa, Priska alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono.

Tatizo lilikuwa sharti la pili. Kufunga kifaa ni lazima boti ikatwe: tundu la mstatili kwenye kisanduku cha usukani la kuingiza kioo, matundu madogo ya swichi na nyaya, na tundu moja chini kabisa, tumboni mwa boti, la kupitishia sikio. Na boti ya mradi hairuhusiwi kukatwa na mtu yeyote ila fundi wa mradi. Fundi wa mradi alikuwa Dar es Salaam. Alipopigiwa simu alisema wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Mvua zikaja zikakatika, mtama ukavunwa, boti imekaa nchi kavu ndani ya ua wa miiba, kuku wametaga humo, wameatamia, na vifaranga vimetoka na kuhama. Wanaume wa Mtera wakaibatiza jina: boti ya picha. Kazi pekee iliyowahi kufanya ni kupigwa picha siku ya makabidhiano.

Halafu, wiki hii, Joshua, afisa wa mradi, akatuma ujumbe. Boti ambazo hazijafanya kazi msimu huu zitahamishiwa vikundi vingine vyenye uwezo. Ya Tujaribu ingekaguliwa Alhamisi, na kama haijawa tayari, ingekwenda kwa kikundi cha mzee Bartolomayo, ambaye mitumbwi anayo mpaka mingine anakodisha.

Priska aliusoma ujumbe ule, akaurudia. Msiitie majini bila kifaa. Msifunge kifaa bila fundi. Fundi haji. Na kwa kuwa hamjaitia majini, tunawanyang'anya. Akacheka kile kicheko ambacho wanawe wakikisikia hutafuta pa kwenda. Kisha akampigia simu Halfani mwenye Fuso.

Fundi waliyeelekezwa aliitwa Nurdini, Mrangi kutoka milima ya Kondoa, mtu wa swala tano na maneno ya kuhesabika. Karakana yake ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati. Alirekebisha bampa za magari zilizopasuka, alitengeneza matangi, alifunga redio kwenye dashibodi, na watu walisema faiba yote ya Dodoma imewahi kupita mikononi mwake. Aliizunguka boti, akaigonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Sakafu yake ina tabaka mbili," alisema. "Katikati wamejaza povu, lile gumu."

"Ndiyo maana sikio haliwezi kukaa ndani," Priska akasema. "Povu linameza sauti. Lazima lipite hadi chini, lilingane na tumbo."

"Na kule nyuma, kwa nje, halibandikiki?"

"Linabandikika. Halafu siku ya kwanza tu kisiki kinalikwangua, na sisi tunarudi kupiga kasia gizani."

Nurdini akatikisa kichwa kukubali. Alianza na kisanduku cha usukani. Alibandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya ile rangi ngumu inayong'aa ili isibanduke vipande, akachora mstatili kwa penseli, akatoboa pembe nne kwa drili kwanza, kila pembe ya duara, kwa sababu pembe kali ndiyo mwanzo wa ufa. Kisha akaushusha msumeno wa umeme na kukata pole pole kutoka pembe hadi pembe. Vumbi jeupe la faiba likapanda. Vumbi hilo lina tabia mbaya, huingia kwenye ngozi na kuwasha hadi usiku wa pili, na Ruthu, aliyekuwa amesogea kutazama, alianza kujikuna shingo huku akilaumu kila mtu. Nurdini hakuwa na haraka. Alisugua kingo kwa msasa, akazipaka gundi ya faiba ili maji yasipate pa kuingilia, akajaribisha kioo. Kikakaa kana kwamba kimezaliwa humo.

Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, wanaume wanne wa mtaani walisaidia kuilaza boti kwa ubavu juu ya matairi mabovu. Tumbo lake likawa wazi, jeupe, halina hata mkwaruzo. Nurdini akapima, akaweka alama, akashika drili. Akasimama nayo. Akaiweka chini.

"Mama," akasema, "hapa sitoboi."

"Umechoka?"

"Sijachoka." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Mimi maisha yangu yote ni fundi wa kuziba. Bampa imepasuka, naziba. Tangi linavuja, naziba. Dashibodi nimekata nyingi, lakini dashibodi haina maji chini yake. Hapa nikitoboa, halafu likavuja mkiwa katikati ya bwawa, mimi nitasimama wapi? Watu watasema aliyetoboa ni Nurdini. Na mimi mwenyewe nitasema hivyohivyo."

Ruthu akamtazama Priska akingoja moto uwake. Haukuwaka. Ajabu ni kwamba Priska hakumkasirikia yule mtu hata kidogo. Tangu boti ije, watu wote waliomkatalia walimkatalia kwa sababu ya utaratibu. Huyu alikuwa wa kwanza kukataa kwa sababu aliogopa wasije wakafa. Priska alitaka kumshukuru, lakini hakuwa na mazoea ya kushukuru kwa kukataliwa, kwa hiyo alifunga kanga kiunoni.

"Basi wewe ubaki na kazi yako ya kuziba," akasema. "Kutoboa nitatoboa mimi."

"Umewahi kushika drili, mama?"

"Drili sijawahi. Nimewahi kushika kibuyu."

Bibi yake wa Kibakwe alikuwa mkata vibuyu, na Priska alikulia miguuni pake. Kibuyu hukivamii. Ukikivamia, ngozi inapasuka na ufa unakimbia hadi upande wa pili, kibuyu cha mwaka mzima kinakufa kwa pupa yako. Kwanza unakizungushia mstari kwa ncha ya kisu, unaurudia, unaurudia, mpaka ngozi ya juu ikubali kuachia. Ndipo unaingia ndani, na husukumi. Unauachia uzito wa chuma. Priska aliomba kisu. Akapiga magoti mbele ya tumbo la boti, akaanza kuuzungusha mstari kwenye alama ya Nurdini, taratibu, hadi ile rangi ngumu ikakatika na chini yake zikaonekana nyuzi za faiba.

Nurdini alimtazama, akaenda kwenye boksi lake la vifaa, akarudi na msumeno wa duara, ule wa kufungwa kwenye drili, akaufunga mwenyewe. "Anza kwa kuuzungusha kinyume," akasema. "Meno yasiume kwanza, yalambe tu. Yakishajipatia njia yake, ndipo uzungushe sawasawa. Na usisukume."

"Kutosukuma nakujua."

Aliogopa. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu baadaye watu wa Chang'ombe walisimulia kwamba mama yule hakuwa hata na chembe ya woga, na huo ni uongo. Aliiweka drili kwenye mstari, akaiondoa, akaiweka tena, na Ruthu akaona. Alikuwa anatoboa tumbo la kitu alichopewa ili kisizame. Alimfikiria Evarista, si Evarista wa majini, ila Evarista wa jikoni, anayecheka na mdomo umejaa kiporo. Kisha akamfikiria fundi wa Dar es Salaam na wiki zake zijazo, na hasira ikaja, na hasira ndiyo iliyomtuliza mikono. Akabonyeza.

Drili ikalia. Vumbi likamwagika kwenye mapaja yake. Aliacha meno yalambe, kama alivyoambiwa, kisha akageuza, akauachia uzito wa chuma. Tabaka la kwanza likakubali, povu likapita kwa ulaini, na msumeno ukagusa tabaka la ndani kwa sauti nyingine, nzito zaidi. Hakusukuma. Ghafla mkono ukakosa kizuizi, kipande cha mviringo kikaangukia ndani ya boti kikitoa kishindo kidogo, na kupitia tundu ukaonekana mwanga wa upande wa pili. Kingo zilikuwa safi. Hakuna ufa.

Ruthu, ambaye alikuwa amefumba macho, akayafumbua. "Mtoto wa kike ametobolewa sikio!" akasema, na yule mwanamke asiyependa kutazamwa akapiga kigelegele hadi mama mwenye nusu ya kichwa akajibu kutoka barazani kwake.

Sasa ikawa zamu ya Nurdini, na hapo ungemwona mtu aliyerudi nyumbani kwake. Alikwangua povu kuzunguka ukingo wa tundu kwa ndani, akajaza gundi ya faiba iliyochanganywa na nyuzi zilizokatwakatwa, ili maji hata yakitaka ugomvi yakute ukuta. Ilipokauka akasugua, akapaka tena. Kisha akaliingiza sikio, akalizungushia ile gundi nyeusi ya kuzuia maji, akakaza nati. Alikagua kwa kidole, akakagua tena. Aliziba kuliko alivyowahi kuziba.

Lakini Chang'ombe ina simu nyingi kuliko mabomba ya maji. Watu walikuwa wamepiga picha tangu Fuso iingie, na moja kati ya hizo, Priska na drili tumboni mwa boti, ilifika kwenye kundi la WhatsApp la mradi kabla gundi nyeusi haijashika. Maneno ya chini yake yalisema: MWENYEKITI ANATOBOA BOTI. Ofisi haikuwa mbali. Gari jeupe likasimama nje ya mabati, na Joshua akashuka kabla halijasimama vizuri.

Alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi, na hasira zake zote alikuja nazo mdomoni, lakini alipofika mbele ya Priska malezi yalimshinda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama Priska, hii ni nini? Nani amewaambia mtoboe?"

"Mgeni rasmi," akasema Priska.

"Mgeni rasmi gani?"

"Wa siku ya makabidhiano. Si wewe mwenyewe ulikuwa umemshikia mwavuli?"

Priska alimgeukia Ruthu, na Ruthu, aliyekuwa ameitunza ile video kama watu wanavyotunza picha za harusi, akaitafuta kwenye simu, akaongeza sauti hadi mwisho, akainyanyua juu. Mgeni rasmi alionekana amesimama kwenye pua ya boti, miwani ya jua usoni, mkono hewani. Sauti yake ikajaa uwanjani: "Akina mama wa Tujaribu! Mwaka huu ni mwaka wa kutoboa! Sitaki visingizio! Nasema toboeni! Nikirudi hapa nikute mmetoboa!" Kisha vigelegele, na Joshua mwenyewe pembeni, na mwavuli wake, akipiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja.

Karakana nzima ililipuka kwa kicheko. Hata Nurdini aliinama akajifanya anatafuta kitu sakafuni.

"Mama," Joshua akasema, uso umemwiva, "unajua kabisa alimaanisha nini. Alimaanisha mfanikiwe. Mtoke kimaisha."

"Mimi ni Mgogo wa Mtera, mwanangu, Kiswahili nilikikuta darasani. Mtu mzima akisimama juu ya boti isiyo na tundu akaniambia toboa, mimi natoboa. Kama alikosea, mpigie simu sasa hivi, mwambie, mheshimiwa, hotuba yako ilikuwa na kosa. Sisi tupo, tunasikiliza."

Katika nchi hii afisa anaweza kubishana na mvua, anaweza kubishana na mama mkwe, lakini hampigii mgeni rasmi simu kumwambia hotuba yake ilikuwa na kosa. Joshua aliitazama simu yake. Akaitia mfukoni. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Sawa. Alhamisi tunakuja Mtera kukagua kama ilivyopangwa. Likiingia tone moja, boti inaondoka."

"Na lisipoingia?"

Joshua aligeukia gari lake. "Tutaangalia," akasema.

Priska aliisikia ile tutaangalia. Alitaka kuishika na kuikagua vizuri, lakini Halfani alishaanza kupiga honi, na boti ilikuwa bado kupandishwa.

Alhamisi ufukwe wa Mtera ulijaa watu kama siku ya mnada. Joshua alikuja na wakubwa wake wawili wa ofisini, viatu vyao vikizama kwenye tope. Wanawake wa Tujaribu walisimama pamoja, wamevaa jaketi za kuokolea walizopewa na mradi, nyingine bado na nailoni ya dukani. Wavuvi wa kiume walikaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, tayari kucheka. Na mzee Bartolomayo akaja katika shati safi, akasalimia watu wote kwa heshima, "Mbukwenyi," akajibiwa. Mkononi alikuwa na mnyororo mpya, na kufuli kwenye mnyororo.

Priska aliutazama ule mnyororo. Mtu anakuja kwenye ukaguzi na kufuli la nini? Moyo ulimwambia, lakini akaunyamazisha, maana boti ilikuwa inasukumwa majini na macho yake yalikuwa yanahitajika huko.

Boti ikaelea. Priska alipanda peku, ili nyayo ziwe za kwanza kujua. Akasimama katikati. Maji yakagonga ubavu. Baada ya muda Joshua alikunja suruali yake, akapanda, akapiga magoti, akafungua kifuniko cha sakafu, na kwa karatasi laini ya chooni akapangusa kuzunguka sikio, kwanza mbele, kisha nyuma, kisha akaibana kabisa kwenye ule mzunguko wa gundi nyeusi. Akainyanyua juani.

"Kavu?" Ruthu akauliza kutoka ufukweni.

"Kavu," Joshua akasema.

Vigelegele vilipanda. Wanawake walikumbatiana na jaketi zao hadi nailoni zikapasuka. Hata baadhi ya waliokaa juu ya mitumbwi walipiga makofi, kwa shingo upande, lakini walipiga. Joshua alishuka, akaenda kwa wakubwa wake, wakanong'onezana. Aliporudi hakumtazama Priska usoni, aliitazama boti.

"Mmefanya kazi nzuri, mama. Sana. Na hilo tutalieleza." Akaanza kuikunjua suruali yake. "Ila uamuzi ulishapita. Ulipita mwezi uliopita. Ukaguzi wa leo ulikuwa wa utaratibu tu."

Mzee Bartolomayo akakohoa, mnyororo ukalia.

Ndani ya boti, Priska alihisi hasira ikipanda kutoka nyayoni. Kama ingevuja, angekubali. Angelia, angerudi kuuza samaki wa kukaanga kando ya barabara ya Iringa, na angesema nilijaribu nikashindwa. Lakini haikuvuja. Walikuwa wamemfanya atoboe, aogope, asimame peku mbele ya kijiji kizima, kwa jambo ambalo walishalimaliza wakiwa wamekaa kwenye viti. Ilimuuma kuliko matusi yote ya boti ya picha. Alitaka kutukana, na matusi aliyokuwa nayo yalikuwa mengi, ya lugha mbili. Badala yake alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ruthu. Pandeni."

Ruthu alinyanyua sufuria la ugali na mboga waliyoandaa kwa ajili ya sherehe, akaliingiza kwanza, kisha akaingia mwenyewe. Nyuma yake wakafuata wengine, mmoja mmoja, na nyavu, na kanga zimefungwa viunoni.

"Mama Priska," Joshua akaita, "mnakwenda wapi?"

"Kufanya kazi," akasema Priska. "Mlituandikia boti isiyofanya kazi inahamishwa. Hii inafanya kazi."

"Mama, hiyo si..."

Injini ikawaka ikamfunika maneno. Boti ikajitenga na ufukwe, ikageuka, ikaelekea kule ambako maji yana rangi ya chai na visiki vimekaa chini vikingoja. Nyuma yao vijana wa mzee Bartolomayo waliusukuma mtumbwi majini kuwafuata, wakapiga makasia kwa nguvu na kwa kelele. Walipofika mwanzo wa visiki waliacha kupiga. Maji yalikuwa yamepungua sana mwaka huu, na hakuna mtoto wa Mtera anayeingia hapo kwa kubahatisha.

Priska aliingia. Kioo kilikuwa mbele yake kwenye tundu alilokata Nurdini, na ndani ya kioo bwawa lilijionyesha lilivyo chini: tope limelala, na miti imesimama, mistari myembamba iliyonyooka, mingi, mingi kuliko alivyowahi kuwaza. Ruthu alisimama ubavuni pake akisoma mita kwa sauti. Mbili. Moja na nusu. Kisiki kushoto. Priska akakata kulia. Moja. Kisiki mbele. Akapunguza mwendo, akapita kati ya viwili ambavyo juu ya maji havikuonyesha hata kiwimbi. Mmoja kati ya miti hii ndio uliomchukua mdogo wake. Hakuujua ni upi, na hakuna ambaye angemwambia. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Wanawake nyuma yake walianza kuimba, kwa Kigogo, si wimbo wa majonzi, ni ule wa kupurura mtama, na boti ikapita.

Kisha mistari ikakoma. Kioo kikaonyesha maji matupu, na chini yake, alama ndogondogo zikitembea kwa makundi, na wote walijua ni nini bila kuambiwa. Priska alizima injini. Ufukwe ulikuwa umebaki mstari wa vumbi, na watu juu yake hawakutambulikana nani mkubwa na nani mdogo.

Simu ikalia. Aliipokea, akaweka sauti ya nje ili wenzake wasikie.

"Mama Priska." Ilikuwa sauti ya Joshua, na nyuma yake sauti nyingine za watu wanaomwambia la kusema. "Wakubwa wanauliza. Boti ya mradi iko wapi?"

Priska aliinama akasoma kioo.

"Mita saba," akasema. "Wenye uwezo waje waichukue."

Akakata simu, akawaambia wenzake washushe wavu.